Paka mwenye kisukari: kabla hujaongeza dozi, angalia bomba lako la sindano

Tarehe 14 Novemba ni Siku ya Kisukari Duniani, na kila mwaka ikikaribia watu wanapima sukari zao, wakirudi nyumbani wanamkumbuka na paka anayekunywa maji kupita kiasi, kwahiyo kipindi hiki kliniki yetu hapa Dar simu zinakuwa nyingi. Nashukuru, kwasababu anayepiga simu ni anayejali. Ila kuna makosa yanajirudia na mojawapo linaua, naanza na hilo.

Insulini ya mifugo kama Caninsulin au ProZinc ina yuniti 40 ndani ya mililita moja. Ya binadamu kama Lantus ya kawaida ina yuniti 100 ndani ya mililita ile ile. Kila moja ina bomba lake la sindano: kwa kawaida lenye kifuniko chekundu ni la 40, la rangi ya chungwa ni la 100. Duka la dawa la mtaani mara nyingi utakuta la chungwa, maana ndo la binadamu, sasa mtu ana chupa ya mifugo nyumbani anapita dukani anaomba "sindano za sukari" anapewa hizo, na anaona kamaliza. Hesabu yake iko hivi. Ukivuta insulini ya 40 kwa bomba la 100 mpaka alama ya 1, paka kapata yuniti 0.4, hata nusu haijafika, sukari haishuki na wewe unasema umeuziwa dawa feki. Ukigeuza, ukavuta ya 100 kwa bomba la 40 mpaka hiyo hiyo alama ya 1, umempa yuniti 2.5. Paka wengi tunawaanzishia yuniti 1 kila baada ya masaa 12. Hapo umempa dozi mara mbili na nusu, na masaa machache baadaye anayumba, anaanguka, anaanza degedege.

Tafadhali, msituambie "huwa namchoma mstari mmoja". Mstari sio dozi! Dozi ni yuniti, na yuniti inasomwa kwenye bomba lenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye chupa. Tukikuandikia insulini ya 100, uliza bomba la mililita 0.3 lenye alama za nusu yuniti, kwa paka hiyo nusu ni kubwa.

La pili ni kubadilisha dozi kwa kipimo kimoja. Mtu kapima sukari asubuhi kakuta 19 (namba zote hapa ni mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu), kaongeza, jioni kakuta 17, kaongeza tena. Kipimo cha asubuhi kabla ya sindano kinakuonyesha sukari ilipofika dawa ikiwa imeshaisha nguvu, hakikuonyeshi mchana ilishuka mpaka wapi, na mchana ndo kwenye hatari. Halafu paka akishtuka sukari inapanda yenyewe, hata asiye na kisukari ukimfungia kwenye boksi ukampandisha bajaji anaweza kufika kwetu na 15, ndo maana tunang'ang'ania apimwe nyumbani.

Utaratibu wenyewe: chagua siku ambayo unashinda nyumbani. Pima saa 1 asubuhi kabla ya chakula, mpe chakula, choma, halafu pima kila baada ya masaa mawili mpaka saa 1 jioni. Pasha sikio kwa kitambaa cha uvuguvugu, weka pamba kwa nyuma usijichome kidole, toboa ukingoni pembeni ya mshipa, mpe kipande cha kuku. Andika kwenye daftari saa, namba, alichokula, yuniti ulizochoma na nani kachoma. Hilo la nani kachoma sio urasimu: dada wa kazi kachoma saa 1, baba kaamka saa 2 kachoma tena, paka analetwa hajitambui. Kama huna uhakika kachomwa au hajachomwa, usichome. Kukosa dozi moja sio shida, dozi mbili ni shida kubwa. Na akigoma kula au akitapika, piga simu kabla hujachoma.

Kwenye hizo namba tunatafuta ya chini kabisa, tungependa iwe kati ya 4.5 na 8. Dozi ikipandishwa tunaiacha siku 5 mpaka 7 ndo tunaangalia tena. Kushusha hakusubiri: chini ya 3.5 hata kama paka anatembea, mpe chakula na utupigie hapo hapo. Akiwa amelegea, mpake asali au maji ya glukosi kwenye fizi, usimmiminie mdomoni atapaliwa, na umlete hata akiamka. Mashine za kupimia sukari za binadamu mara nyingi zinasoma chini kidogo kwa paka, inatumika ila tuambie ni ipi, na usichanganye mashine mbili kwenye daftari moja.

Metformini ya bibi, vile vidonge vya kisukari vya binadamu, hapana. Mdalasini, hapana. Nimeshajibu hili mara nyingi sana. Chakula ndo kinasaidia kweli: ugali mwingi na dagaa wa kuonjeshea ni wanga mtupu kwa mnyama wa nyama, na wapo paka waliobadilishiwa chakula mapema wakatibiwa vizuri mpaka wakaacha insulini. Ila tuambie kabla hujabadilisha, kwasababu wanga ukipungua ghafla na dozi ikabaki ile ile, sukari inaporomoka.

Umeme ukikatika usiikimbizie insulini kwenye friza, iliyoganda inatupwa, mtungi wa udongo wenye maji kivulini unatosha kuipoza. Sindano zilizotumika zisiende kwenye mfuko wa taka, vijana wanaozoa taka wanashika kwa mikono, weka kwenye chupa ngumu ya plastiki uturudishie.

Kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, anayetibu mnyama awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari, una haki ya kuomba kuona usajili wake na muuza duka hana ruhusa ya kukupangia dozi. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamgusa mwenye paka pia, kumwacha mnyama ateseke ni kosa.

Ukija kliniki njoo na chupa, bomba moja ambalo hujalitumia, mashine na daftari. Paka kama anakula na anatembea vizuri mwache nyumbani, namba zake za nyumbani ndo tunazozihitaji.