Kabla ya kuuliza kama ni saratani, uliza ni tishu gani

Kazi yangu ni kusoma tishu kwa hadubini hapa Kampala. Vipande hufika maabara ndani ya chupa za formalini, dawa ya kuhifadhia tishu, na daktari aliyevituma karibu kila mara anataka kujua jambo moja: ni saratani au siyo? Mimi huanza kwingine. Kwanza nataka kujua seli hizi ni za ukoo gani.

Koo zenyewe ni 4: epithelia (tishu inayofunika mwili nje na ndani), tishu unganishi, misuli na neva. Tumbo la chakula peke yake lina zote. Ndani kuna epithelia inayotoa asidi, chini yake tishu unganishi yenye mishipa ya damu, kisha misuli inayosukuma chakula, na katikati ya misuli hiyo zimepita neva.

Misuli na neva hazinipi kazi nyingi. Seli za misuli ya moyo na seli za neva za mtu mzima karibu hazigawanyiki tena, na saratani huanzia kwenye seli zinazogawanyika. Hata uvimbe wa ubongo kwa watu wazima mara nyingi hutokana na seli zinazozisaidia neva, si neva zenyewe.

Epithelia ndiyo inayojaza meza yangu. Hufunika ngozi, mdomo, utumbo, njia ya mkojo. Inakwaruzwa, inachomwa na moshi, na inajifanya upya bila kupumzika. Seli zake zimebanana, hazina mshipa wa damu katikati, na zimekaa juu ya utando mwembamba uitwao utando wa msingi. Hapo ndipo macho yangu hukaa muda mrefu. Seli zilizoharibika zikiwa bado juu ya utando huo, mara nyingi zinaweza kuondolewa na mambo yakaisha. Zikishauvuka na kuingia chini, hiyo ni karsinoma (saratani ya epithelia) iliyovamia, na ripoti inabadilika.

Shingo ya kizazi inaonyesha jambo hili vizuri. Upande wa nje una epithelia ya seli bapa zilizopangana tabaka nyingi, na upande wa ndani una safu moja tu ya seli ndefu zinazotoa ute. Zinapokutana, seli za aina moja hugeuka kuwa za aina nyingine, na virusi vya HPV, vinavyosababisha saratani ya hapo, hupenda sana eneo hilo. Ndiyo maana muuguzi anapopaka asidi ya asetiki (ile ya siki) hutazama hasa mpaka huo kuona kama panageuka peupe, ishara kwamba huenda seli zimeharibika. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Uganda, kwa hiyo, akina mama, mkiitwa kupimwa nendeni.

Tishu unganishi imejengwa kinyume: seli chache, na kati yao vitu tele. Kwenye kano ni nyuzi za kolajeni, kwenye mfupa ni chumvi za kalsiamu, kwenye damu ni majimaji. Ndiyo, damu nayo ni tishu unganishi, ingawa wanafunzi hunibishia kila mwaka. Saratani za mfupa, mafuta na nyuzi tunaziita sarkoma. Za seli za limfu, zile za kinga ya mwili, ni limfoma.

Kosa la ukoo si dogo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago hapa Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya kwa watoto wa Afrika akauita sarkoma. Wanapatholojia, yaani wasomaji wa tishu kama mimi, walipochunguza zaidi walionyesha kuwa ni limfoma. Kwenye kioo unaona seli za limfu za zambarau zimejaa kila mahali, na katikati yao seli kubwa nyeupe-nyeupe zinazomeza zilizokufa, kama nyota usiku. Limfoma hii hukua kwa kasi ya kutisha, lakini huitikia dawa vizuri kuliko kisu, na watoto wengi wamepona kwa dawa hizo.

Kwa hiyo mtoto akivimba taya na meno yakaanza kulegea, msikimbilie kung'oa. Apelekwe hospitali haraka, kipande kikatwe na kuwekwa kwenye formalini palepale, na fomu iandikwe wazi kimetolewa wapi. Chupa isiyo na maelezo hayo hutuchelewesha, na uvimbe huo hausubiri.