Usingizi wa safari ndefu: siku ishirini ndani ya Atlantiki

Nikirudi Unguja na kupita bandarini Malindi, wazee wa majahazi huniuliza jambo lilelile hata salamu hazijesha: "Mwanangu, mawimbi ya huko yakoje?" Huwajibu kweli kwamba ni makubwa, na kwamba siyo yanayoninyima raha. Kazi yangu ni kupeleka boti za matanga kutoka Visiwa vya Kanari hadi Karibi, na kitu ninachokilinda kuliko matanga, kuliko hata maji ya kunywa, ni usingizi wa mabaharia wangu.

Njia yenyewe inajulikana. Kutoka Las Palmas hadi Saint Lucia ni kama maili 2,700 za baharini. Tunang'oa nanga mwishoni mwa Novemba, msimu wa vimbunga unapofungwa, tunashuka upande wa Cabo Verde mpaka tuupate upepo wa kaskazini-mashariki ulio imara, kisha omo, yaani pua ya boti, tunaielekeza magharibi. Upepo ule ni ndugu wa kaskazi yetu, ila hauna kusi wa kupokezana naye. Unavuma mwaka mzima. Boti ikishika mwendo wa maili 6 kwa saa hufika kwa siku 19. Mimi hupanga 20, na chakula cha siku 30.

Tukiwa wanne, zamu ni ya muda wa saa tatu na mapumziko ni ya muda wa saa tisa. Usiku unagawika hivi: saa mbili hadi saa tano, saa tano hadi saa nane, saa nane hadi saa kumi na moja, kisha ya alfajiri mpaka saa mbili asubuhi. Mchana ni vivyo hivyo. Kila mtu anabaki na zamu yake safari nzima, maana mwili ukizoea kuamka saa nane za usiku huamka wenyewe. Wapo manahodha wanaozungusha zamu ili kila mmoja aonje alfajiri. Nimejaribu, watu walichoka maradufu.

Saa tisa za mapumziko zinasikika nyingi, lakini ndani yake kuna kupika, kuosha vyombo na kukarabati, na zikiisha zamu yako ya mchana inakungoja. Na upepo ukiwa unatoka nyuma, boti hulala kulia, ikalala kushoto, usiku kucha. Ukiwa kitandani misuli haipumziki, inajizuia usiviringike. Kwa hiyo kila kitanda kina kipande cha turubai kinachofungwa ubavuni, ukajibana humo kama mtoto mbelekoni. Chumba cha omo tunakifunga kabisa, huko unarushwa hewani. Wote tunalala katikati, karibu na mlingoti, ambako boti inacheza kidogo. Siku tatu za kwanza hakuna anayelala vya kutosha hata hivyo. Kuanzia ya nne, watu wanaanza kula na kucheka.

Mwenye zamu hashiki usukani. Otopailoti inafanya kazi hiyo. Yeye kazi yake ni macho. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini, za mwaka 1972, zinadai kila chombo kiwe na mtu anayetazama na kusikiliza wakati wote, na hesabu yake ni rahisi. Meli ya makontena inakwenda maili 20 kwa saa, sisi 6. Tukielekeana uso kwa uso, maili sita na nusu zilizo kati yetu zinakwisha kwa dakika 15, na mara nyingi taa zake huanza kuonekana vizuri kwenye umbali huohuo. Mtu akisinzia robo saa tu, amekwisha kuimaliza nafasi yote ya kukwepa. Tuna mtambo wa AIS unaopokea jina la meli, mwendo wake na inakoelekea, nami ninaupenda sana. Lakini si kila chombo kinajitangaza. Kwa hiyo mwenye zamu huweka kengele ndogo ya jikoni shingoni, dakika 10, na ikilia anasimama, anatazama pande zote nne, anaiweka upya.

Usiku hakuna anayetoka kwenye sehemu ya usukani kwenda mbele peke yake. Anafunga mkanda, anaunganisha kamba, anamwamsha mwenzake kwanza. Kwa mwendo wa maili 6, aliyeanguka anaachwa mita 185 kila dakika, gizani.

Haya ya uchovu nilijifunza kwa gharama. Katika safari yangu ya pili, siku ya tisa, mawingu ya mvua yalikuwa yametuamsha sote usiku mbili mfululizo kupunguza tanga. Nilipomaliza zamu saa kumi na moja alfajiri, tochi yangu iliangaza kitu cheupe chini ya mlingoti: nyuzi laini, mfano wa sufi. Nikaziokota, nikazisugua kwa vidole. Nilijua ni nini. Henza za siku hizi, kamba zinazopandisha tanga, zina gamba la nje la rangi na moyo mweupe ndani. Ukiuona weupe, gamba limekwisha kulika huko juu, pale kamba inapopita kwenye kapi. Nikazitia mfukoni nikasema nitaliangalia nikiamka. Saa tatu asubuhi henza ikakatika. Tanga jepesi la upepo wa nyuma likadondoka majini na kupita chini ya boti, likatuchukua watu wanne karibu saa mbili kulivuta, na lilitoka limechanika. Nyuzi zilikuwa bado mfukoni mwangu.

Sasa kila asubuhi tunalegeza henza kama sentimita 10, ili kapi isisage mahali pamoja. Tena hakuna anayelala na jambo mfukoni: alichokiona, hata pini ndogo iliyolala sitahani, anamkabidhi anayempokea na kukiandika daftarini kabla hajavua koti.

Saa nazo zinahitaji uangalifu. Sisi tuliozoea kuhesabu kuanzia macheo tungelijua hili mapema, lakini safari ya kwanza tuliacha saa ya Las Palmas ukutani bila kuigusa. Ukienda magharibi, kila nyuzi 15 za longitudo jua linachelewa saa moja. Mwisho wa safari lilikuwa linachomoza baada ya saa nne asubuhi! Mwenye zamu ya alfajiri, aliyefurahia kuliona jua kila siku, akawa anaanza na kumaliza gizani, na moyo ukamshuka waziwazi. Siku hizi tukivuka nyuzi 15 tunarudisha saa nyuma mchana, na dakika 60 zinazoongezeka tunazigawa, kila zamu robo saa.

Chakula ni kabichi, viazi, vitunguu, maboga, na mayai ambayo hayajawahi kuingia kwenye friji, tunayoyageuza kila siku chache. Kwa zamu ya usiku ninaacha chupa ya chai ya tangawizi na mkate. Mwenye njaa husinzia haraka.

Usiku wa mwisho ndio ninaokuwa mkali zaidi. Mwanga wa Martinique, kisiwa jirani, unaonekana upande wa kulia kabla ya Saint Lucia yenyewe, na kila mtu anataka kukaa nje autazame. Ninawarudisha kitandani, kwa sababu asubuhi tutazunguka Pigeon Island na kuingia Rodney Bay kwenye boti nyingi na maji machache. Saa nane kasorobo ninashuka, ninamgusa mguu anayefuata, ninamwambia upepo uko vipi na meli gani iko wapi, kisha ninasubiri mpaka nione nyayo zake zote mbili ziko sakafuni.