Kuchanganya aina za miti maana yake nini hasa

Kuchanganya aina za miti ni pale ambapo msitu au shamba lako halitegemei mti wa aina moja, unaweka jamii tofauti ili kikija kitu, iwe ugonjwa, wadudu, ukame au moto, kisiondoke na shamba zima. Watu wengi wanaielewa nusu.

Afrika Mashariki yametukuta. Tulipanda sana paina aina ya radiata, inakua haraka, alafu 1957 Tanzania ikaonekana fangasi ya Dothistroma, zile sindano, yaani majani ya paina, zinapata mikanda myekundu, zinapukutika kuanzia matawi ya chini ugonjwa unapanda juu mpaka mti unabaki mtupu, basi radiata ikaachwa ikaja paina nyingine, patula. Kwenye saipresi ndo hivyo hivyo, macrocarpa ilimalizwa na ugonjwa wa magome, ikaletwa lusitanica ikajaa mpaka kwenye ua za nyumba, vidukari wakaingia Malawi 1986 na Kenya 1990. Wananyonya utomvu kwenye vitawi, tawi linakuwa njano, baadae kahawia, ukilishika linanata na lina ukungu mweusi juu yake. Na hawakuishia hapo, walishambulia hadi mtarakwa wetu wa asili maana ni ndugu wa saipresi.

Kwahiyo kutoa aina moja ukaweka nyingine moja sio kuchanganya, bado shamba zima linasubiri mdudu mmoja. Ndugu wa karibu wawili nao hawatoshi, adui wao mara nyingi ni yule yule. Milingoti ya kloni ndo kabisa, shamba zima ni mti mmoja uliorudiwa, akija mdudu anaeupenda hakuna utakaomshinda.

Sio lazima uchanganye mti kwa mti kwenye mstari, hiyo kwenye kuvuna inasumbua na mnunuzi anataka mzigo wa aina moja, haki yake. Panda kwa vipande: huku paina, kule milingoti, mipakani grivelia, na bondeni kwenye chanzo cha maji acha mivengi na miti mingine ya asili, tafadhali mlingoti usiuweke pale, unakunywa maji mno. Miaka ya kupanda nayo ipishane. Ukienda kitaluni uliza mbegu zimetoka miti mingapi, zikiwa zimeokotwa chini ya mti mmoja tu miche yote ni ndugu, chukua miche michache hapo na mingine katafute kwingine.