Satelaiti iko utosini, lakini dishi haishiki gari likienda

Wengi Nakuru na Kisumu husema: satelaiti ya TV iliyo kwenye longitudo nyuzi 36 mashariki iko utosini, basi laza dishi bapa kwenye paa la gari, itashika hata njiani. Kweli iko karibu utosini. Ila dishi ya sentimita 60 ikiyumba nyuzi moja na nusu hivi hupoteza nusu ya nguvu ya mawimbi, na kila kona hugeuza LNB (kichwa cha kupokea mawimbi kilicho mbele ya dishi), mawimbi ya wima na ya mlalo yakachanganyika. Tena dishi za kawaida hutazama kimshazari: ili ione utosini, inua ukingo mmoja mpaka mdomo uiname nyuzi 22 hadi 25. Egesha gari mbali na matawi, lisawazishe kwa pima maji, kisha zungusha LNB taratibu ukisoma ubora wa mawimbi kwenye king'amuzi.