Dodoso Tayari, Swali Bado

Msimu wa mapendekezo ya utafiti ukifika, mlango wangu hugongwa na sentensi ileile: "Shikamoo mwalimu. Dodoso langu liko tayari, naomba unipitishie." Nikiuliza swali la utafiti ni lipi, mwanafunzi ananisomea kichwa cha andiko. Wiki hii nimeyasikia hayo mara nne, na wa nne alikuja na nakala 150 zilizokwisha kutolewa kopi steshenari. Kurasa sita kila moja! Nikaona afadhali niandike, nizijibu moja moja kauli ninazoletewa mlangoni.

"Ukiwa na dodoso, una utafiti"

Chukua kichwa kinachopendwa kuliko vyote kwa wanafunzi wa biashara na menejimenti: "Athari za mafunzo kazini kwa utendaji wa wafanyakazi", kisha jina la shirika. Dodoso lake nalijua kabla sijaliona. Sehemu A: umri, jinsia, elimu, hali ya ndoa. (Ndoa inahusikaje na mafunzo kazini, hakuna aliyewahi kunijibu.) Sehemu B: "Mafunzo yameongeza utendaji wangu", halafu nakubali sana, nakubali, sina uhakika, sikubali, sikubali kabisa. Sasa mfanyakazi aliyelipwa posho ya semina, na dodoso lenyewe kaletewa na afisa utumishi, unategemea ajibu nini? Anakubali sana. Wenzake nao wanakubali sana. Sura ya nne, ya matokeo, inajaa asilimia, sura ya tano, ya hitimisho, inatangaza kwamba mafunzo yana athari chanya.

Hapo umekusanya maoni ya watu kuhusu athari, na athari yenyewe hujaigusa. Rensis Likert, mwanasaikolojia wa Marekani, alipoleta mizani hii ya kukubali na kukataa mwaka 1932 alikuwa anapima mitazamo, na kwa mitazamo ni chombo kizuri hadi leo. Kupimia utendaji kwa mizani hiyo ni kumpima mtu homa kwa futi ya fundi cherehani.

Isitoshe, mtu yuleyule, kwa kalamu ileile, ndani ya dakika kumi, ndiye anayekuambia habari za chanzo na habari za matokeo. Aliyeamka na furaha atavipandisha vyote viwili. Aliyegombana na bosi atavishusha vyote viwili. Kompyuta itakuonyesha uhusiano mkubwa, nawe utashangilia. Usinijie na alfa ya Cronbach ya 0.9 kama ngao. Alfa inakuambia kwamba majibu ya maswali yako yanakwenda pamoja. Kama yanapima ulichokusudia, hiyo ni kesi nyingine.

Nilimsimamia kijana mmoja aliyekuja na kichwa hichohicho, shirika lake likiwa duka la jumla Kariakoo. Nikamzuia kuandika chochote, nikamtuma akaulize jambo moja tu: namba zipo kwa nani? Akarudi na habari kwamba mwenye duka ana daftari la mauzo ya kila muuzaji, mwezi kwa mwezi. Tena wauzaji hawakupelekwa mafunzoni wote pamoja, maana duka halikuweza kufungwa. Kundi moja lilitangulia, jingine likasubiri miezi kadhaa. Mwanafunzi akikuta bahati kama hiyo na bado akakimbilia kutoa kopi, mimi simwelewi. Huyu alilinganisha mauzo ya makundi mawili, kabla ya kundi la kwanza kwenda na baada ya kurudi, wakati la pili bado linasubiri. Akamuuliza pia mwenye duka aliwachaguaje waliotangulia, kwa sababu kama walikuwa wale hodari, tofauti ingeweza kuwa yao tangu mwanzo. Mahojiano alifanya matano.

Ndiyo maana huwa nadai jedwali tupu. Kabla ya utangulizi, kabla ya shukrani (wapo wanaoanza na shukrani), nichoree majedwali ya sura ya nne: safu, mistari na vichwa vyake, bila namba. Ukishindwa kuchora, hujajua unatafuta nini. Ukishachora, pembeni ya kila jedwali andika namba zake anazo nani na utazipataje. Swali lolote la dodoso lisilo na nyumba kwenye jedwali, lifute. Hali ya ndoa huondoka siku hiyohiyo.

"Fomula ya Yamane imeshanipa sampuli"

n = N/(1+Ne²) imekuwa kama dua ya kufungulia sura ya tatu, ya mbinu (n ni ukubwa wa sampuli, N ni idadi ya watu wote, e ni kosa unalolivumilia). Tuikokotoe basi, kwa kosa la asilimia 5. Shirika lenye wafanyakazi 40 linakupa 36 na ushei. Kwa nini usiwaulize wote arobaini? Watu 10,000 wanakupa 385, watu milioni moja wanakupa 400. Fomula hiyo ni ya kukadiria uwiano katika kundi kubwa, na inadhani umechagua watu kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Kama uliwadodosa waliokuwepo dukani saa nane mchana, hata wakiwa 385 kamili, fomula haikuhusu. Na tafadhali usiitumie kupanga idadi ya watu wa mahojiano ya kina.

"Haijafanyika Singida, kwa hiyo hilo ndilo pengo"

Pengo ni kile ambacho tafiti zilizopita hazijakijibu. Kwa hesabu hiyo Tanzania ina mapengo mengi kama wilaya zake. Mahali huwa pengo pale tu kitu cha mahali hapo kinapoweza kubadilisha jibu. Ukiniambia kwamba Singida ni nchi ya alizeti, kwamba fedha ya mfanyabiashara huko inafuata mavuno, na kwamba marejesho ya mkopo ya kila mwezi yaliyobuniwa kwa muuza duka wa mjini huenda yakamkaba mkamua mafuta, hapo nitavuta kiti. Ila huwezi kuyaona hayo kama mapitio ya machapisho unayaahirisha mpaka "sura ya pili ikifika".

"Barua ya chuo inafungua kila mlango"

Inakufikisha mapokezi. Ofisi za umma zina ngazi zake za vibali, na Kenya utaulizwa leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Kampuni binafsi haidaiwi na wewe kitu. Benki haitakupa taarifa za wakopaji wake kwa sababu una mhuri wa mkuu wa idara, na tangu Mei 2023 Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayotumika, kwa hiyo afisa anayekunyima hana roho mbaya. Weka mwezi mzima wa kusubiri kwenye ratiba. Au tumia vilivyo wazi: kampuni zilizoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam huchapisha hesabu zilizokaguliwa, na benki hutangaza zao kila robo mwaka. Wanafunzi huzipita namba hizo magazetini, wakaenda kupanga foleni ya kunyimwa nyingine.

"Nadharia tete ikikataliwa, nimefeli"

Hapana. Nadharia tete ni jibu la kukisia unalokwenda kulipima, na linaweza kukataliwa. Anayefeli ni anayezirekebisha namba ili isikataliwe, na jopo la watahini huwa linanusa. Yule kijana wa Kariakoo alikuta tofauti ya mauzo ndogo mno, akaiandika hivyohivyo, na kueleza kwamba msimu wa sikukuu uliyasogeza makundi yote mawili kuliko mafunzo. Alikaa mbele ya jopo karibu saa nzima. Walimhoji juu ya daftari, juu ya sikukuu, juu ya waliochaguliwa kwanza. Hakuna aliyemuuliza dodoso liko wapi.