Mwenye MS Asikandwe kwa Maji Moto

Mei 30 ni Siku ya MS (maltipo sklerosisi, ugonjwa wa neva) Duniani, na kila mwaka ikishapita, idara yetu ya fiziotherapia hapa Kisumu hupokea malalamiko yaleyale: "Daktari, mazoezi yenu yameniongezea ugonjwa." Hayakuongeza. Ni joto.

Maltipo sklerosisi huharibu utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Neva iliyovuliwa utando hupitisha ujumbe kwa shida, na mwili ukipata joto kidogo tu ujumbe hukwama: macho hufifia, mguu huwa mzito. Daktari Mjerumani Wilhelm Uhthoff alilieleza jambo hili mwaka 1890. Ukipoa, hali hurudi ilivyokuwa. Lakini dalili mpya ikidumu zaidi ya saa 24, na huna homa wala maambukizi, mwone daktari wa neva kabla ya kuja kwetu.

Basi fanya mazoezi alfajiri, kabla jua la Kisumu halijapanda. Loweka leso, ikamue, jifunge shingoni. Kalia kiti kilichoegemezwa ukutani, simama taratibu hadi magoti yanyooke, kisha shuka taratibu zaidi. Kule kushuka ndiko wengi hujiachia tu, pwaa! Vidole vya mguu vikianza kuburura sakafu, pumzika.

Na kina mama na shangazi mnaokanda, nia yenu tunaijua. Hata hivyo, taulo la maji moto humzidishia mgonjwa udhaifu, na pale ambapo ngozi imekufa ganzi ataungua bila kujua. Huu si ugonjwa wa "mishipa kukauka", tumesema mara ngapi?

Ukija kliniki, leta barua ya rufaa, ripoti ya MRI (picha ya ubongo na uti wa mgongo) na dawa zote katika pakiti zake. Kusema "vile vidonge vyeupe" hakutusaidii. Baclofen, kwa mfano, hulegeza misuli na huleta usingizi, hivyo tunahitaji kujua dozi na saa unayomeza ndipo tupange zamu yako.

Ukihudumiwa nyumbani au kwenye kliniki ya mtaani, omba kuona leseni ya mwaka huu kutoka Baraza la Fiziotherapia la Kenya, ulinganishe jina na kitambulisho. Kutoa huduma hii bila usajili ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2014, na mhusika anaweza kushtakiwa. Kibali cha biashara cha kaunti si leseni. Cheti cha kozi ya masaji, hata kikiwa kwenye fremu, pia si leseni.