Tenebrizimo: giza katika picha za watakatifu

Tenebrizimo ni namna ya kuchora ambayo huacha sehemu kubwa ya picha gizani, kisha mwanga mmoja mkali, kutoka upande mmoja, huangukia kile tu ambacho mchoraji anataka tukione. Jina lenyewe limetokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya kiza. Mtindo huu ulishamiri Ulaya katika karne ya 17, enzi ya sanaa ya Baroko, na aliyeupa nguvu kuliko wote ni mchoraji Mwitaliano Caravaggio.

Ukilichukulia giza hilo kama pambo, utaikosa nusu ya picha. Mtazame Mathayo katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma, ambako kati ya 1599 na 1600 Caravaggio alimchora Yesu akimwita mtoza ushuru huyo. Watu wamekaa mezani, fedha ziko mbele yao. Yesu kasimama kulia, karibu mwili mzima umemezwa na kivuli. Kinachoonekana zaidi ni uso na mkono aliounyoosha. Juu ya mkono huo mwanga unapita ukutani kwa mshazari mpaka kwenye nyuso za walioketi. Dirisha limo pichani, lakini mwanga hautoki hapo. Unatokea upande alikoingilia Yesu, hivyo mwito na mwanga vinafika pamoja. Mwisho wa meza, kijana mmoja ameinamia sarafu na hajainua kichwa.

Wachoraji wa mtindo huu walianza kwa kupaka turubai rangi ya kahawia iliyokolea. Vivuli vilipakwa kwa wepesi, pengine ukaachwa msingi wenyewe uonekane; penye mwanga ndipo rangi nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi ilipowekwa nene. Jusepe de Ribera, Mhispania aliyefanya kazi Napoli, aliipaka nene kwa brashi iliyofuata makunyanzi ya paji la mzee, hadi unatamani kuyagusa.

Alama za kumtambulisha kila mtakatifu nazo zilikuwa na kazi yake. Petro hushika funguo, Katarina wa Aleksandria ana gurudumu, Bartolomayo ana kisu kwa kuwa yasimuliwa kwamba alichunwa ngozi. Waumini wengi hawakujua kusoma, na Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1563, ulisisitiza kwamba picha ziwafundishe imani.

Picha inayonigusa zaidi ni ya Mtakatifu Serapio, aliyoichora Francisco de Zurbarán mwaka 1628 kwa ajili ya watawa Wamersedari wa Sevilla, Hispania, shirika lililokomboa Wakristo waliotekwa. Watawa hao waliweka nadhiri ya kujitoa wenyewe badala ya mateka ikibidi, na Serapio aliuawa kwa njia hiyo. Picha iliwekwa katika chumba walimolazwa watawa waliofariki kabla ya mazishi. Mikono ya Serapio imefungwa kwa kamba juu, kichwa kimelala begani. Damu haionekani hata tone. Kanzu nyeupe imejaa karibu turubai yote, na kifuani kuna ngao ndogo ya shirika lake, nyekundu na njano. Chombo cha mateso hakimo. Anatambulishwa na kikaratasi chenye jina lake, kilichopachikwa pembeni kwa pini. Mwanga umeishia kwenye mikunjo ya kanzu, na nyuma yake ni karibu giza tupu.